Saa za Kazi, Kelele na Mtetemo Penye Mjengo: Kanuni za Desibeli na Lugha ya Jirani Katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Ukambani haijapata kunyamaza. Wote, uliokuwa mji mtulivu wa wilaya, uligeuka kuwa makao makuu ya Kaunti ya Makueni, na pamoja na hadhi hiyo zikaja afisi, hospitali ya mama na mtoto, barabara za lami za mitaani na ploti za kupangisha zinazozidi kwenda juu. Kitui na Mwingi hazikuachwa nyuma. Kusini mwa Makueni, reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, ilijengwa kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Barabara ya kutoka Kibwezi hadi Kitui, kwa njia ya Ikutha na Mutomo, nayo ikatiwa lami. Mpakani mwa kaunti hizi mbili, mahali Mto Thwake unapoingia katika Mto Athi, ujenzi wa bwawa la Thwake ulizinduliwa mwaka 2018. Hapana anayekana kwamba haya ni maendeleo. Hata hivyo, kila jiwe lililopasuliwa lilisikiwa na mtu fulani aliyekuwa akilala, akisoma au akiugua.

Wahenga wa Ukambani walijenga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani. Mwenye nyumba aliwaalika watu, wakafika asubuhi, wakafanya kazi, wakala, wakaondoka. Katika utaratibu huo waliosikia kishindo cha shoka walikuwa wale wale walioshika shoka, na saa ya kuacha kazi ilijulikana na wote bila kuandikwa popote. Mjengo wa leo umeukata uzi huo. Mwenye kiwanja huenda anaishi Nairobi. Mkandarasi ametoka Machakos au Uchina. Fundi amepanga chumba mtaa mwingine. Naye jirani, ambaye ni mpangaji tu, hamjui hata mmoja wao. Pale ambapo ujirani uliweka mipaka ya kelele, sasa imebidi sheria iiweke, na sheria hiyo imeandikwa kwa tarakimu na kwa Kiingereza.

Makala haya yananuia kueleza tarakimu hizo kwa Kiswahili kinachoeleweka: mjengo wa mjini uruhusiwe kufanya kazi saa ngapi, utoe kelele kiasi gani, na utikise ardhi kwa kadiri gani. Tunashikilia kwamba kanuni hizi hazitamfaa mtu wa Wote wala wa Mutomo mpaka aweze kuzitaja kwa lugha anayoitumia anapogombana na msimamizi wa mjengo langoni. Kazi hiyo ya kuzipa lugha ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko ilivyo ya wahandisi.

Sauti, kelele, kishindo, mtetemo

Tuanze na msamiati, maana ndio ulio karibu nasi. Katika matumizi ya kawaida, neno kelele humwelekea binadamu: watoto hupiga kelele, soko lina kelele, mlevi huleta kelele. Mashine haipigi kelele katika Kiswahili cha wazee. Hunguruma, huvuma, hurindima, hutoa mshindo. Wataalamu wa mazingira wamelitanua neno hili likabeba dhana ya sauti yoyote isiyotakiwa na anayeisikia. Utanuzi huo tunaukubali, ila msomaji aone kinachofuata: sauti ni jambo la fizikia na hupimwa kwa chombo, ilhali kelele ni sauti iliyokwisha kuhukumiwa. Kompresa moja ni sauti ya riziki kwa fundi na ni kelele kwa mama mwenye mtoto mchanga upande wa pili wa ukuta.

Mtetemo ni kitu kingine. Huu hausafiri hewani bali ardhini, kisha hupanda kwenye msingi wa nyumba na kutikisa dirisha, vyombo kabatini na kitanda. Baadhi ya wenzetu huuita mtikisiko, wengine tetemeko. Tetemeko tuliachie ardhi yenyewe. Mtikisiko nao una maana pana mno, kwani hata uchumi hutikisika. Mtetemo unatosha, na una faida ya kuzaa kitenzi, tetemesha, tunachokihitaji tunapozitaja mashine za kutetemesha zege na rola za kushindilia barabara.

Mchana wa sheria na mchana wa Kiswahili

Msingi wa sheria yenyewe ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Chini yake zilitungwa, mwaka 2009, Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mtetemo Uliokithiri. Kanuni hizo zilitoa katazo la jumla kwamba mtu asifanye kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida, inayoudhi au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya na usalama wa wengine. Katika kuamua kama kelele imevuka mpaka, hutazamwa saa yenyewe ya siku, umbali wa makazi ya watu, iwapo kelele inajirudia au inakoma, na iwapo ingeweza kupunguzwa bila gharama kubwa. Kigezo hiki cha mwisho kina uzito kuliko kinavyodhaniwa. Mkandarasi ambaye angeweza kuihamisha kompresa yake hadi kona nyingine ya kiwanja kwa kazi ya dakika kumi, asiihamishe, ana udhuru mdogo sana.

Kwa mijengo, kanuni za 2009 ziliweka jedwali la pekee. Katika makazi ya watu, na halikadhalika penye hospitali, shule na makao ya walemavu, kelele ya mjengo isizidi desibeli 60 mchana wala desibeli 35 usiku. Katika maeneo mengine, kama vile ya biashara, kikomo ni 75 mchana na 65 usiku. Mchana wa mjengo ulielezwa kuwa unaanza dakika moja baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni. Kelele za kawaida zisizo za ujenzi zilipewa mchana mrefu zaidi, hadi saa mbili usiku. Kwa hiyo mwenye duka la kanda za muziki ana saa mbili zaidi ya mwenye kompresa, ingawa naye ana kikomo chake cha chini zaidi.

Mpenzi wa Kiswahili hana budi kufurahia jambo moja hapa. Mchana huo wa sheria ya ujenzi ndio mchana wetu hasa, wa saa kumi na mbili zinazohesabiwa tangu alfajiri hadi magharibi. Kitui iko karibu na Ikweta, na jua lake halichezi mbali na saa hizo mwaka mzima. Fundi hahitaji saa ya mkononi ili ajue kwamba amevuka mpaka. Akiwasha taa ili aendelee, basi amekwisha kuuvuka au yu karibu.

Lakini papo hapo pana mtego. Mabango ya mijengo huandikwa kwa Kiingereza, na mara chache yanapotafsiriwa, mtafsiri huzichukua tarakimu kama zilivyo. Saa za kazi za kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni huandikwa na Mwingereza kwa tarakimu 8 na 5. Mtafsiri mvivu akiandika kwamba kazi ni saa 8 hadi saa 5, Mswahili atasoma kwamba mjengo unaanza baada ya chakula cha mchana na kuendelea hadi karibu na usiku wa manane. Kosa hili si la kubuni kwa ajili ya darasa. Kila mwalimu wa tafsiri amelikuta. Kwenye bango la mjengo huwa ni ruhusa ya kuwakosesha watu usingizi.

Kwa nini basi mkandarasi hutaka kufanya kazi usiku? Haitoshi kusema ni tamaa. Kibwezi na Mtito Andei ni nchi ya joto, na zege likimwagwa kwenye jua kali hupoteza maji na kushikana upesi, likapata nyufa kabla halijapata nguvu. Fundi mwenye busara hupendelea kuanza mapema au kumalizia jua likishapungua makali. Maji nayo ni tatizo la Ukambani mzima: pengine lori la maji lililotarajiwa asubuhi hufika alasiri, nayo siku ya kumwaga slabu haikatizwi katikati, kwa kuwa zege la awali likikauka kabla ya la pili kufika, panabaki mshono dhaifu usioshika vyema. Hivyo kazi iliyopangwa kwisha saa kumi inajikokota hadi saa mbili usiku, mashine ya kuchanganyia ikinguruma wakati wote.

Kanuni zilitambua dharura, na zilitoa pia nafasi ya kuomba leseni ya muda mfupi kwa kelele itakayozidi kiwango. Hata hivyo, kuchelewa kwa lori la maji si dharura ikiwa hutokea kila wiki. Msimamizi anayejua mazingira yake hujaza matangi siku moja kabla, huigawa slabu kubwa katika vipande kwa ushauri wa mhandisi, na huwaarifu majirani. Sehemu kubwa ya kelele ya usiku katika miji yetu, kwa maoni yetu, ni upangaji mbaya uliovishwa vazi la ulazima.

Malori ya mchanga ni sehemu ya habari hii pia. Mchanga wa mito ya Makueni na Kitui ndio unaojenga miji hii pamoja na Nairobi, na Makueni ilitunga sheria yake ya kuuhifadhi na kusimamia matumizi yake mwaka 2015. Lori linalomwaga mchanga au kokoto saa tisa usiku ni kelele ya mjengo, hata kama lango la mjengo limefungwa na fundi wote wamelala.

Hesabu ya desibeli

Desibeli, kipimo kilichopewa jina kwa heshima ya Alexander Graham Bell, hakihesabiki kama kilo za mahindi. Ukiweka mashine mbili zenye desibeli 80 kila moja, hupati 160, unapata 83. Kila mara nguvu ya sauti inapoongezeka maradufu, desibeli huongezeka tatu tu, na inapoongezeka mara kumi, desibeli huongezeka kumi. Kwa hiyo tofauti kati ya 60 ya mchana na 35 ya usiku, ambayo kwa macho ni kama nusu, kwa hakika ni tofauti ya zaidi ya mara mia tatu katika nguvu ya sauti. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida wakiwa mita moja mbali, sauti yao ni kama desibeli 60. Desibeli 35 ni chumba cha kulala kilicho kimya. Kwa maneno mengine, katika mtaa wa makazi kikomo cha usiku ni sawa na kuukataza mjengo kabisa, kwani hata sepetu ikikwaruza kokoto inazidi hapo.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30, ambacho ni cha kawaida katika miji yetu. Tuseme pana mashine ya kupasulia mwamba ambayo kipimo chake, ukisimama mita tano kutoka kwayo, ni desibeli 90. Mwamba ni jambo la kweli hapa. Sehemu kubwa ya Kitui imekaa juu ya miamba migumu ya kale, ile inayochomoza kama Mwamba wa Nzambani karibu na mji, na mara nyingi mchimba msingi hukutana nayo kabla hajafika kina anachokitaka. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali maradufu, sauti hupungua kwa desibeli sita. Mita kumi: 84. Mita ishirini: 78. Mita arobaini: 72. Mita themanini: 66. Hadi ufike desibeli 60, umekwenda mita 160, nawe umezivuka ploti kumi.

Ni dhahiri basi kwamba umbali peke yake hautamwokoa mtu wa mjini. Zimebaki njia nyingine, nazo hupaswa kujumlishwa. Kizuizi kigumu kati ya mashine na nyumba, kikiwa cha matofali au mbao nene na kikiificha mashine kabisa machoni pa jirani, huweza kupunguza kama desibeli kumi. Mabati membamba yenye mianya, ambayo ndiyo tuyaonayo kila mahali, hufanya kazi ndogo zaidi; hayo huzuia wezi na macho. Kisha kuna muda. Kikomo cha sheria ni wastani wa kipindi kizima, si cha dakika moja, kwa hiyo mashine inayofanya kazi saa tatu tu kati ya saa kumi na mbili za mchana hupunguza wastani kwa desibeli sita. Nyumba yetu ya mita ishirini ilikuwa na 78. Kizuizi kimeishusha hadi 68. Kupunguza saa kumeishusha hadi 62. Mashine ikihudumiwa, bomba lake la moshi likawekwa kizuia sauti kizima, na patasi butu ikabadilishwa, zile desibeli mbili zilizobaki zinapatikana.

Wastani huo una hila yake, nasi hatuna budi kuitaja. Saa tatu za mngurumo mkali zinaweza kufaulu mtihani wa wastani na bado zikaharibu somo zima la mtihani wa kitaifa katika shule iliyo jirani. Ndiyo maana msimamizi mwema hauliza tu, "Saa ngapi kwa jumla?" bali pia, "Saa zipi?" Karibu na shule, kazi ya kupasua mwamba ihamishiwe Jumamosi au likizo. Karibu na hospitali, muuguzi mkuu aulizwe ni wakati gani wagonjwa hupumzika. Maswali haya hayahitaji chombo chochote, yanahitaji mtu wa kwenda kuyauliza.

Mtetemo na ufa ukutani

Hakuna jambo linalozua ugomvi mkali zaidi penye mjengo kuliko ufa. Kanuni za 2009 ziliweka kikomo cha mtetemo kuwa sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka, au mita 30 kutoka kwa chanzo kinachotembea. Kinachopimwa ni kasi ya chembe ya ardhi inapokwenda na kurudi, wala si umbali inaokwenda. Sentimita 0.5 ni milimita tano kwa sekunde, kiwango kinachokaribiana na kile ambacho Wajerumani wamekitumia kwa muda mrefu kuzikinga nyumba za makazi dhidi ya mitetemo ya polepole.

Mwili wa binadamu, hata hivyo, huuhisi mtetemo mapema mno. Milimita 0.3 kwa sekunde hutosha kumfanya mtu aliyeketi sebuleni ainue kichwa, na ikifika milimita moja malalamiko huanza. Hapa ndipo pande mbili zinapopishana, kila moja ikiamini nyingine inasema uongo. Mwenye nyumba amehisi kitanda kikitetemeka na siku ya pili ameona ufa. Kwake ushahidi umekamilika. Mhandisi ana chombo kinachosema milimita mbili, chini ya kikomo. Kwake mwenye nyumba anatafuta fidia ya bure. Yamkini wote wawili ni wakweli. Nyumba nyingi za Ukambani ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na zimejengwa bila nguzo za zege. Udongo mweusi wa mabondeni hufura mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, ukiziachia kuta nyufa ambazo hazikuletwa na rola yoyote. Lakini ukuta uliokwisha kuchoka ndio hasa usiostahimili nyongeza.

Dawa yake ni ya bei nafuu na hutumiwa kwa nadra. Kabla ya kazi kuanza, msimamizi na mwenye nyumba wazunguke pamoja ndani na nje, wapige picha kila ufa, waweke alama ya tarehe kwenye ncha zake, kisha kila mmoja abaki na nakala. Ufa ukirefuka kuvuka alama, hakuna wa kukana. Usiporefuka, hakuna wa kudai. Zoezi hili humlinda maskini kwanza, kwa sababu yeye ndiye asiye na mwanasheria wala chombo cha kupimia.

Upo pia ufundi wa kupunguza mtetemo wenyewe. Rola ya kushindilia inapopita katikati ya vituo kama Mutomo au Ikutha, dereva anaweza kuzima mtetemesho na kushindilia kwa uzito mtupu, akapita mara nyingi zaidi. Mtetemo mkubwa aghalabu hutokea mashine inapowashwa na inapozimwa, kwa hiyo mashine isiwashwe wala kuzimwa mbele ya nyumba ya mtu. Kwa machimbo ya mawe na kazi za baruti, kanuni ziliweka vikomo vyake vyenyewe vya mshindo, desibeli 109 penye makazi, shule na hospitali na 114 penye viwanda na biashara, kwa kipimo kinachojali zaidi sauti nzito. Hapo saa ya kulipua hujulishwa watu mapema, kwani mlipuko uliotarajiwa hauogofyi kama ule uliomkuta mtu na kikombe mkononi.

Fundi mwenyewe

Jirani husumbuliwa miezi sita, kisha mjengo hukwisha. Fundi huhamia mjengo mwingine. Kanuni za Kuzuia na Kudhibiti Kelele Mahali pa Kazi za mwaka 2005 zilisema kwamba mfanyakazi asikabiliwe na zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja, wala asikabiliwe na mshindo wa zaidi ya 140 hata mara moja. Mashine ya kupasua mwamba, kwa yule aliyeishika, huweza kufika 100. Ukikumbuka hesabu yetu ya awali, 100 ni mara kumi ya 90, kwa hiyo fundi huyo hutumia posho yake ya siku nzima kabla saa moja haijatimia.

Kiziwi wa mjengo haamki siku moja akajikuta hasikii. Hupoteza kwanza sauti nyembamba: konsonanti s na f, sauti za watoto, king'ora cha mbali. Yeye hudhani watu wameanza kunong'ona. Mwanafunzi wa fonetiki ataelewa haraka ni nini kinachopotea, kwa kuwa vikwamizi visivyo vya ghuna ndivyo huondoka mwanzo, na maneno fika na sika yakawa kitu kimoja masikioni mwake. Mikono nayo huumia. Mtetemo wa mashine ya kushikwa, miaka ikipita, huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, vidole vikafa ganzi, na mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati.

Vizibo vya masikio huonekana kwa wahandisi wageni na kwa msimamizi. "Mtu wa mkono", kama tunavyomwita kibarua wa mjengo nchini Kenya, huwa ni wa mwisho kupewa na wa kwanza kuambiwa kwamba anajidekeza. Ikiwa kuna zamu, ziwe za kupokezana mashine hiyo kila nusu saa, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa mfanyakazi angaa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, isomwe kama inavyosema. Sikio nalo huihitaji siku hiyo.

Nani aambiwe, na kwa lugha gani

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 humruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amedhurika. Jedwali la Nne liliikabidhi kaunti udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo mtu wa Wote au Mwingi ana milango zaidi ya mmoja: afisi ya mazingira ya kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, yaani NEMA, ambayo masharti yake ya leseni aghalabu hutaja saa za kazi za mjengo husika. Adhabu iliyowekwa na kanuni za 2009 si ndogo: faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili.

Mwenendo wa kawaida, hata hivyo, ni huu. Jirani huvumilia wiki tatu. Wiki ya nne huenda langoni akiwa na hasira, akasema, "Mnatupigia kelele." Mlinzi humjibu kwamba kazi ni ya mwenye mali. Jirani huenda kwa chifu, chifu humpigia simu msimamizi, msimamizi huahidi, na usiku huo mashine hunguruma kama kawaida. Lau jirani yuyo huyo angesema, "Jana na juzi mashine ya kuchanganyia zege ilifanya kazi hadi saa tatu usiku, nimeandika tarehe na saa, mwisho wa mjengo ni saa kumi na mbili jioni," mazungumzo yangebadilika. Neno kelele peke yake ni lalamiko, ilhali saa, tarehe na jina la mashine ni ushahidi. Hakuhitaji chombo cha kupimia desibeli ili kufika hapo, alihitaji kanuni iliyosemwa kwa lugha yake.

Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo mabango ya mijengo, yenye jina la mradi, mwenye mali, mhandisi na nambari za vibali, huandikwa kana kwamba majirani wote ni maafisa wa ukaguzi. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu, hasa vile vilivyo Ukambani kwenyewe kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, vingeweza kutoa huduma ya kutafsiri matangazo haya bila malipo na kuyapeleka kaunti yakatumike. Tunapendekeza mfano ufuatao ili wenzetu waukosoe:

"Kazi ya mjengo huu ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mwamba utapasuliwa saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana peke yake. Siku ya kumwaga slabu itatangazwa hapa siku tatu mapema. Malori hayatapakua usiku. Ukisumbuliwa na kelele, au ukiona ufa mpya katika nyumba yako, mpigie msimamizi kwa nambari iliyo hapa chini. Usiporidhika, peleka malalamiko yako afisi ya mazingira ya kaunti au NEMA."

Tumeandika asubuhi, mchana na jioni kila mahali kwa makusudi, ili mtego wa tarakimu tulioueleza usipate pa kuingilia. Tumetumia pia slabu badala ya neno lolote la kubuni, kwa sababu ndilo linalotumiwa na fundi na jirani yake. Pale ambapo wakazi wazee husoma Kikamba kwa wepesi zaidi, maneno hayo hayo yaandikwe kwa Kikamba chini yake. Na bango lenyewe libandikwe upande wa nje wa mabati, kwenye kimo cha macho ya mtu anayepita kwa miguu, wala si juu ya lango ambapo ni dereva wa lori tu anayeliona.